Jinsi ya kupandisha gari mbovu kwenye tela bila kuumiza mtu wala gari, kwa wanaobeba magari njia za Mtwara, Lindi na Masasi

Habari zenu wadau. Naandika hii ndefu kidogo kwasababu msimu wa korosho ukianza, kuanzia Oktoba hivi mpaka Desemba, barabara ya Mtwara-Mingoyo-Masasi inajaa magari na mengi yanafia njiani, na kila nikisimama kusaidia nakuta picha ile ile, vijana sita wako nyuma ya gari wanaisukuma ipande ngazi za tela (zile njia mbili za kupandishia gari), mmoja kashika jiwe mkononi anaviziavizia tairi, na ndani kuna mtu kakaa anaelekeza stelingi wakati breki hazishiki. Ikifanikiwa watu wanashangilia. Isipofanikiwa wale sita wote wako chini ya tani moja na nusu inayorudi kinyumenyume.

Kitu ninachotaka ukishike kuliko vyote ni hiki, tangu gari inaanza kupanda mpaka inashushwa iwe imeshikwa na vitu viwili muda wote. Waya wa winchi (ile mashine ya kuvutia iliyoko mbele ya tela) na kabari. Waya na mkanda. Mikanda miwili na mingine miwili. Mikono ya watu haihesabiki kuwa ni kitu kinachoshika gari, na gia ya P ya kuegeshea kwenye otomatiki peke yake haihesabiki pia.

Miaka kadhaa nyuma tulikuwa tunapandisha Noah upande wa Mtama, winchi inavuta vizuri tu, tukafunga kulabu kwenye chuma cha chini ya bampa ambacho kwa macho kilionekana kizima kumbe kutu imeshakula kwa ndani. Tairi za mbele zilikuwa zimeshafika karibu na juu ya ngazi kile chuma kikakatika. Gari ikarudi kama mita nne hivi. Utingo wetu alikuwa kachuchumaa nyuma ya tairi anasogeza kabari kwa mkono, ikamkanyaga mguu, akalazwa wiki tatu. Dogo alikuwa mchapakazi kweli na hakukosea chochote, sisi wakubwa ndo tulimweka pale, na gari ilikuwa imeshikwa na kitu kimoja tu.

Kwanza, mahali

Kabla hujashusha hata ngazi angalia ardhi. Ukitoka lami ukaingia njia za Nanyamba, Tandahimba au pembezoni kule Newala ni mchanga, na mchanga unadanganya, unaona tela imesimama vizuri ila uzito ukiingia upande mmoja unazama. Kama gari mbovu inaweza kuburuzwa taratibu mita mia mbili ikafika sehemu ngumu na tambarare, iburuze, hizo mita mia mbili ni bei rahisi sana. Mteremkoni usipandishe kama una namna nyingine. Tela ikiangalia mlima ngazi zinakuwa kali zaidi na winchi inateseka, ikiangalia bondeni gari ikishavuka ngazi inaweza kukimbilia mbele yenyewe igonge winchi. Ule mteremko wa kushuka kutoka Newala kuelekea Masasi mimi simpandishii mtu gari katikati yake, namwambia tushuke kwanza.

Kama uko kando ya lami washa hazadi za magari yote, weka reflekta nyuma kwa umbali usiopungua hatua mia, na kama kuna kona au kilima nyuma yako iweke kabla ya hiyo kona, maana ikiwa baada ya kona dereva wa lori la saruji ataiona pamoja na wewe kwa wakati mmoja. Matawi ya miti ambayo wote tumezoea kuyaweka yanasaidia mchana ila usiku hayaonekani, na ukimaliza rudi ukayatoe, sio unaondoka unaacha vichaka katikati ya njia. Abiria wote washuke wakae mbali na barabara upande wa mbele wa tela, watoto washikwe mkono. Na watu wa kijijini watakuja kuangalia, lazima waje, kwa hiyo mchague mzee mmoja anayeheshimika pale umuombe kwa adabu, "mzee shikamoo, naomba utusaidie kuwaweka vijana upande ule". Inafanya kazi kuliko wewe kuwafokea.

Tela na gari inayovuta

Tela iwe imefungwa kwenye gari ya kuvuta kabla ya kupandisha chochote. Nimeona watu wanapandisha kwenye tela iliyosimama peke yake, uzito ukiingia nyuma shingo, ile sehemu ya mbele inayoshikana na gari ya kuvuta, inanyanyuka juu kama mzani wa dukani na tela inaanza kutembea.

Hapa kuna kitu wengi hawakijui na ndo kinaua. Gari mbovu ikiwa kwenye ngazi, mkia wa tela unakandamizwa chini na shingo inanyanyua mkia wa gari ya kuvuta. Sasa handbreki ya magari mengi inashika tairi za nyuma, na hizo ndo zimekuwa nyepesi, kwahiyo handbreki imekaza kabisa lakini tairi zinateleza juu ya kokoto na msafara wote unaanza kwenda. Dawa yake ni rahisi, weka kabari kwenye tairi za mbele za gari ya kuvuta pia, mbele na nyuma ya tairi, halafu chini ya mkia wa tela ingiza gogo au vipande vya mbao vinene vibebe uzito pale ngazi zinapoanzia. Tela nyingi za kununua zina miguu ya nyuma ya kushusha, kama yako haina, mbao ndo miguu yako. Kwenye mchanga chini ya mbao weka ubao mpana kwanza ili usizame. Kabari za tela nazo usisahau.

Jiwe sio kabari. Jiwe linaviringika, linapasuka, na unalishika kwa mkono karibu na tairi. Mpe seremala kipande cha mti mgumu akukatie kabari nne kubwa, urefu wa kiatu cha mtu mzima, halafu kila moja ifungie mpini mrefu wa mti au kamba ya mita moja na nusu, ili anayezisogeza asimame pembeni na sio nyuma ya tairi. Tangu yule dogo aumie mimi sitembei bila hizo.

Kuiandaa gari yenyewe

Gari ya manyuo, weka nyutro, toa handbreki, basi. Ya otomatiki ndo inaleta maneno. Switchi iwe ON ili stelingi isijifunge na gia itoke P kwenda N kwa kukanyaga breki. Betri ikiwa imekufa gia haitoki, ila usivunje kitu, gari nyingi za Japani zina kitobo au kifuniko kidogo pembeni ya gia, unakibonyeza na bisibisi nyembamba au funguo huku unavuta gia na inakuja N. Zile mpya zenye handbreki ya kitufe zinahitaji umeme, kwahiyo kopa umeme kwa betri nyingine, achia handbreki, ndo uendelee. Na kabla hujaachia gia wala handbreki ya gari yoyote weka kabari kwanza. Nyutro bila kabari ni gari isiyoshikwa na kitu.

Watu wananiuliza kwanini nisiikokote tu kwa kamba mpaka Mtwara mjini. Otomatiki nyingi pampu ya oili ya giaboksi inazunguka pale injini inapowaka, ukiikokota umbali mrefu tairi zinazoendesha ziko chini basi giaboksi inazunguka kavu na unaiua. Ya 4WD ni mbaya zaidi. Na injini ikiwa imezima breki inabaki na nguvu ya kukanyaga mara mbili tatu hivi halafu pedali inakuwa ngumu kama jiwe, stelingi nayo nzito. Mita mia mbili za kusogea sehemu nzuri kwa mwendo wa miguu sawa, safari nzima hapana.

Kama ni ajali angalia chini, petroli ikidondoka hakuna sigara, hakuna kuwasha winchi karibu, toa waya hasi wa betri kama huuhitaji umeme wake, mwaga mchanga juu ya hayo mafuta na subiri.

Kama tairi haizunguki tafuta sababu kabla hujavuta. Breki imejifunga? Fungua tairi, legeza kaliper au waya wa handbreki, ni kazi ya nusu saa. Boljointi imekatika tairi imelala? Inua kwa jeki, lisimamishe tairi, lifunge kwa mnyororo kwenye mkono wa chini lisitoke tena, au kama imeshindikana kabisa weka bamba la chuma lenye grisi chini ya tairi liteleze kama sleji. Nguvu ya kuvuta tairi iliyokufa ni kubwa mno, tutaona sasa hivi.

Hesabu kidogo

Noah ina kama tani moja na nusu. Sakafu ya tela ikiwa sentimita 60 juu na ngazi zina mita 2, winchi inahitaji kuvuta kama kilo 450 hadi 500 tairi zikizunguka vizuri. Ngazi zikirefushwa kwa mbao zikafika mita 3, inashuka kuwa kama 330. Tairi zote zikiwa zimegoma kwenye zile ngazi za mita 2, inapanda mpaka kwenye 1,300 hivi. Na gari ikiwa bado kwenye mchanga mlaini ongeza mia mbili nyingine kabla hata haijafika ngazini. Kwahiyo ukiona winchi inalia usiseme winchi mbovu, refusha ngazi au fungua breki.

Winchi yako iwe na uwezo wa angalau mara moja na nusu ya uzito wa gari. IST ni tani moja na kidogo, Prado inakaribia tani mbili au inazidi. Na ile namba iliyoandikwa kwenye winchi ni ya mzunguko wa kwanza wa waya kwenye ngoma, kila waya unavyojikunja juu ya mwingine nguvu inapungua, mpaka tabaka la mwisho inaweza kuwa imepungua theluthi au zaidi. Ukiishiwa nguvu tumia kapi, roda ile ile wanayoijua watu wa majahazi pale Mikindani, waya unatoka kwenye winchi unazunguka kapi lililofungwa kwenye gari mbovu unarudi kufungwa kwenye chesisi ya tela, nguvu inakuwa karibu mara mbili na mwendo unapungua nusu. Mwendo kupungua ni faida pia.

Kufunga waya

Hapa usiharakishe. Kulabu inafungwa kwenye sehemu iliyotengenezwa kwa ajili ya kuvutia, ama ile pete ya chini ya chesisi ama kile chuma cha kuskrubu kinachokaa pamoja na jeki kwenye buti, kizungushe mpaka mwisho kabisa kisibaki hata uzi mmoja nje, kikibaki nje kinapinda na kinaruka kama risasi. Usifunge kwenye bampa, wala tairodi, wala shafti, wala stabilaiza, wala kwenye chuma chochote ambacho ukigonga na spana kutu inamwagika. Gari zilizokaa pwani, Lindi mjini, Kilwa, Mikindani, chumvi inazila kwa chini, kwahiyo lala chini uangalie kwa tochi. Mimi nilijifunza hili kwa mguu wa mtu mwingine na inaniuma mpaka leo.

Kama huna sehemu moja ya katikati tumia mnyororo wa V wenye miguu miwili inayolingana, miguu iwe mirefu ili V isiwe pana. Waya wenyewe pitia wote, ukiona nyuzi zimekatika au umekunjamana kama kamba ya ng'ombe tupa. Shika kwa glovu za ngozi. Kwenye ngoma ibaki mizunguko isiyopungua mitano, ile kamba ya plastiki isiyopungua kumi, kwasababu kinachoshika ni msuguano wa hiyo mizunguko na sio ile skrubu ya mwisho. Katikati ya waya tandika gunia lililolowa au blanketi zito, waya ukikatika linauangusha chini badala ya kuruka usoni kwa mtu.

Kuvuta

Stelingi iwe imenyooka, tairi za gari ziko sawa na ngazi zote mbili, ngazi zimefungwa kwa pini zisikimbie. Washa injini ya gari ya kuvuta kama winchi inatumia betri yake, la sivyo betri inaisha gari ikiwa katikati ya ngazi na hapo ndo mtajua hamjui.

Ndani ya gari mbovu asikae mtu. Anayetakiwa kunyoosha stelingi anafanya winchi ikiwa imesimama na kabari ziko nyuma ya tairi, anapitisha mkono dirishani, anatoka, mnaendelea. Nyuma ya gari asisimame mtu. Mbele kwenye mstari wa waya asisimame mtu. Mwenye rimoti anasimama pembeni, mbali kuliko waya ulivyonyooka. Anayeongea ni mmoja tu, na neno la kusimama ni moja, sisi tunasema "shika!", na mtu yeyote akilisema, hata mtoto wa njiani, rimoti inaachiwa. Mkianza "leta leta, acha, bado kidogo, ongeza" watu wanne kwa pamoja mtaumizana.

Vuta mpaka waya unyooke, simama, angalia kulabu, angalia mbao chini ya mkia wa tela, angalia kabari za gari ya mbele. Halafu vuta nusu mita, kabari zinasogezwa kwa mpini wake nyuma ya tairi, nusu mita tena, kabari. Ni taratibu, ndio, inachukua dakika kumi badala ya mbili. Pale juu ngazi zinapokutana na sakafu punguza kabisa, tumbo la gari ndo linagusa, sampo na ekzosi zinapasukia pale, gari za chini kama zile zilizoshushwa spring unaweka mbao za ziada mpaka kona iwe laini. Ukiona inagusa shika, rudisha kidogo huku waya umekaza, panga mbao upya.

Huna winchi? Kuna zile winchi za mkono za kuvuta kwa mpini na cheni bloki, zinachosha ila zinashika vizuri kuliko watu. Kusukuma kwa mikono mimi sikushauri kwenye ngazi hata kidogo, hata kama wale vijana wanasema wamezoea.

Gari ikae wapi juu ya tela

Sio popote. Uzito mkubwa uwe mbele kidogo ya ekseli za tela, shingo ibebe kama asilimia 10 ya uzito wote. Injini ya gari nyingi iko mbele, kwahiyo ikipanda kwa mbele na ukaisogeza vizuri inajipanga yenyewe, ikipanda kinyumenyume isogeze zaidi. Uzito ukizidi nyuma, ukifika 70 tela inaanza kucheza mkia, inakutupa kushoto kulia. Ikitokea usikanyage breki kwa nguvu wala usikate stelingi, achia mafuta tu ipungue yenyewe, halafu simama ukaipange upya. Shingo ikizidi uzito nayo stelingi inakuwa nyepesi kwa mbele.

Kufunga

Waya wa winchi uache umekaza ila usiuhesabu kuwa ni kufunga. Mikanda minne ya racheti, mmoja kila tairi, ule mpana wa milimita 50. Soma lebo, mwingi umeandikwa kama kilo 2,500 kwa kazi na 5,000 ndo unapokatika, ile ya rangi rangi ya kufungia godoro juu ya Hiace sio yenyewe. Funga kwa kuzungusha juu ya tairi kuliko kufunga bodi, kwasababu ukifunga bodi spring zinacheza kwenye matuta na mkanda unalegea, tairi haliendi popote. Mbele mikanda ivute kwenda mbele, nyuma ivute kwenda nyuma, ya nyuma ukiweza ipishanishe kama msalaba gari isihame pembeni. Panapogusa chuma chenye makali weka kipande cha tyubu ya zamani. Baada ya hapo handbreki juu kama inafanya kazi, gia P au namba moja, kabari za tairi zipigiliwe au zifungwe, madirisha yapandishwe, boneti iangaliwe imeshika, upepo ukiifungua njiani inavunja kioo.

Taa za tela zijaribiwe, breki na indiketa. Usiku tela bila taa kwenye njia ya Nangurukuru ni kaburi la mtu wa pikipiki.

Njiani

Endesha kilomita 5 mpaka 10 simama kaze mikanda, lazima utakuta imelegea, gari imejikalisha. Baada ya hapo kila kilomita 50 hivi, na kila ukitoka kwenye kipande kibovu au tuta kubwa. Mtwara mpaka Masasi ni kama kilomita 200, kwahiyo ni kusimama mara nne tano tu. Mwendo 60 unatosha, na kwenye makazi 50 ndo sheria, nafasi na gari ya mbele iwe mara mbili ya ulivyozoea. Ile kushuka kuingia Mikindani weka gia ndogo kabla hujaanza kushuka, sio katikati.

Kushusha

Wengi wanaumia hapa kwasababu wamechoka na wamefika nyumbani. Tela ibaki imefungwa kwenye gari, kabari zote zirudi, mbao chini ya mkia zirudi, ngazi zipigwe pini. Kaza waya wa winchi kwanza mpaka uone unabeba, ndo ufungue mikanda, ukianza na ya mbele, na ya nyuma mwisho. Usimwage gari ijishukie yenyewe eti fundi ataidaka uani, iachie kwa winchi nusu mita nusu mita, kabari nyuma ya tairi kama ulivyopanda, watu wote wako pembeni na geti liko wazi hakuna mtoto anayepita. Tairi nne zikishakuwa chini kwenye ardhi tambarare, weka kabari mbele na nyuma, vuta handbreki, legeza waya kidogo uone gari haisogei. Hapo ndo unatoa kulabu.